Noeli Kwenye Santuri: Waimbaji wa Opera na Nyimbo Takatifu

Cantique de Noël, wimbo ambao karibu kila tenori mkubwa aliyeingia studio ameurekodi, ulizaliwa mikononi mwa watu wa tamthilia. Maneno yake yalitungwa katika miaka ya 1840 na Placide Cappeau, mfanyabiashara wa mvinyo wa Roquemaure, mji mdogo ulio kando ya mto Rhône kusini mwa Ufaransa. Muziki ulitoka Paris, kwa Adolphe Adam, mtu aliyepata riziki yake katika majumba ya opera na dansi. Ndiye aliyetunga Giselle ya mwaka 1841. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1847 wimbo huo ulisikika kwa mara ya kwanza katika kanisa la Roquemaure, na aliyesimama kuuimba alikuwa Emily Laurey, mwimbaji wa opera.

Ukiusikiliza kwa makini, chimbuko lake halijifichi. Unaanza chini na taratibu, ala zikipiga noti zinazopanda na kushuka kama mawimbi, kisha sauti inapanda hatua kwa hatua hadi kilele kinachomtaka mwimbaji atoe pumzi yote aliyo nayo. Ndivyo zinavyojengwa nyimbo za jukwaani. Baadhi ya wakuu wa Kanisa nchini Ufaransa waliushutumu kwa sababu hiyohiyo, lakini waumini hawakuuacha. Mwaka 1855 John Sullivan Dwight, mhariri wa jarida la muziki mjini Boston, aliuandika upya kwa Kiingereza. Dwight alikuwa mpinzani wa utumwa, na ubeti wa tatu, unaomtaja mtumwa kuwa ndugu, ulimgusa moja kwa moja. Tangu hapo wimbo huo umekuwa na makao mawili, Ulaya na Marekani.

Mvutano huo kati ya altare na jukwaa haukuishia Roquemaure. Opera ni mchezo unaoimbwa mbele ya okestra nzima, na katika karne ya 19 uliimbwa bila kifaa chochote cha kukuza sauti. Mwimbaji alifunzwa kwa miaka mingi ili sauti yake ivuke ala sitini au sabini na kumfikia aliyeketi kiti cha mwisho. Sauti ya namna hiyo, ikiingia kanisani, hujaza jengo zima. Kwa walioipenda ilikuwa sala iliyopaa, na kwa walioiogopa ilikuwa onyesho. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa waraka wake kuhusu muziki wa Kanisa, Tra le sollecitudini. Aliweka mbele wimbo wa kigregoriano na muziki wa sauti nyingi wa kina Palestrina, akakemea mtindo wa kitamthilia uliokuwa umetawala Italia, akazuia piano na ala za kelele, na akaagiza kwamba wanawake wasiwe sehemu ya kwaya ya liturujia. Sauti za juu ziimbwe na wavulana.

Kwa bahati, wakati mlango huo ukifungwa, mwingine ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mwezi Aprili 1902 Fred Gaisberg, fundi wa kampuni ya Gramophone ya London, alimrekodi mjini Milan kijana wa Naples aliyeitwa Enrico Caruso, nyimbo kumi kwa paundi 100. Mwezi huohuo, mjini Roma, kampuni hiyo iliwarekodi wanakwaya wa Kanisa Dogo la Sistina ndani ya Vatikani. Miongoni mwao alikuwamo Alessandro Moreschi, mmoja wa wanaume wa mwisho waliohasiwa utotoni ili wabaki na sauti ya soprano. Moreschi hakuwa mtu wa opera, lakini santuri zake za mwaka 1902 na 1904 ndizo pekee zilizotuhifadhia sauti ya peke yake ya mwimbaji wa aina hiyo, na mojawapo ni Ave Maria ya Gounod. Inasikitisha kuisikiliza, kwa jinsi ilivyopatikana. Hata hivyo historia ya nyimbo takatifu kwenye santuri inaanzia karibu na hapo.

Ave Maria hiyo yenyewe inaonyesha jinsi "nyimbo takatifu" za santuri zilivyokuwa mchanganyiko. Charles Gounod, mtunzi wa opera ya Faust, alichukua utangulizi wa kinanda ulioandikwa na Johann Sebastian Bach mnamo 1722, akautungia sauti ya juu yake mwaka 1853, na baadaye sala ya Kilatini ikawekwa humo. Ave Maria ya Franz Schubert, ya mwaka 1825, haikutungwa kwa ajili ya ibada. Ni ombi la msichana Ellen katika utenzi wa Walter Scott kuhusu Uskoti, na maneno ya Kilatini yalipachikwa baadaye. Agnus Dei inayobeba jina la Georges Bizet ni muziki wa mchezo wa jukwaani, L'Arlésienne wa mwaka 1872, uliovalishwa maneno ya misa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Händel. Wimbo wake Ombra mai fu, unaofungua opera ya Serse ya mwaka 1738, ni wa mfalme anayeusifu mti kwa kivuli chake. Ukipigwa polepole kwa kinanda cha kanisa, watu huinamisha vichwa. Caruso aliurekodi mwaka 1920, na wasikilizaji wengi wameuweka fungu moja na zaburi.

Kwa hiyo waimbaji wa opera hawakuvamia shamba la wengine walipozirekodi nyimbo hizi. Nyingi zilikuwa zao tangu mwanzo, na santuri iliwapa mahali pa kuziimba ambapo si ukumbini wala si altareni. Mahali hapo palikuwa sebuleni kwa watu. Familia iliyouona ukumbi wa tamthilia kuwa mahali pa anasa haikuona ubaya kununua Ave Maria ya Nellie Melba, aliyeirekodi akisindikizwa na fidla ya Jan Kubelík. Nao wanawake, waliokatazwa kuimba katika kwaya ya liturujia ya Kikatoliki, wakawa ndio wenye sauti zinazosikika zaidi katika sala hiyo ya Kimariamu.

Kurekodi zama hizo kulikuwa kazi ya misuli. Hakukuwa na kipaza sauti. Mwimbaji alisimama mbele ya mdomo wa tarumbeta kubwa. Mtikisiko wa sauti yake ulipita humo hadi kwenye sindano, na sindano ikachora mfereji juu ya sahani ya nta laini. Ala zilibanwa nyuma yake katika chumba kidogo. Fidla za kawaida hazikusikika vizuri, hivyo wapigaji walitumia fidla zilizofungwa tarumbeta ya bati, na tuba ikabeba kazi ya besi. Noti ya juu ilipokaribia, mwimbaji alirudi nyuma hatua moja au alisukumwa na fundi, maana noti kali iliyopigwa karibu ingeharibu mchoro. Noti ya chini ilipofuata, alisogea tena hadi uso ukakaribia kuingia ndani ya tarumbeta. Upande mmoja wa santuri kubwa ya inchi 12 ulibeba dakika nne na ushei, basi beti zikakatwa na mwendo ukaharakishwa. Kosa moja, hata la mpiga filimbi, lilimaanisha kuanza upya kwenye nta mpya.

Katika hali hiyo ndipo Caruso alipoimba Cantique de Noël ya Adam kwa Kifaransa, Februari 1916, kwa ajili ya kampuni ya Victor ya Marekani. Tarehe hiyo isimshangaze msomaji. Santuri ya Krismasi ilibidi itengenezewe kalibu ya chuma, ifyatuliwe, ijazwe katika bahasha, isafirishwe na kufika madukani kabla ya msimu, na kwa sababu hiyo nyimbo za Noeli zimekuwa zikirekodiwa miezi ambayo hakuna anayeifikiria Noeli. Sauti ya Caruso wakati huo ilikuwa imezidi kuwa nzito kama ya baritoni, na uzito huo unaufaa wimbo: haukimbilii kilele, unakipanda. Alikuwa amekwisha kurekodi Ingemisco ya misa ya wafu ya Verdi, na Crucifix ya Jean-Baptiste Faure akiwa pamoja na besi Marcel Journet. Kikao chake cha mwisho cha kurekodi kilikuwa Septemba 1920 huko Camden, New Jersey, na siku ya kukimaliza aliimba sehemu mbili za misa ya Rossini, Domine Deus na Crucifixus. Mkesha wa Krismasi wa mwaka huo alipanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, katika La Juive, akiwa mgonjwa tayari. Hakuimba tena hadharani. Alifariki Naples tarehe 2 Agosti 1921.

Kama Caruso aliupa wimbo wa Adam sauti yake ya kwanza kubwa kwenye santuri, Stille Nacht ilimpata Ernestine Schumann-Heink. Wimbo huo ni mdogo kwa umbo na kwa asili. Padre Joseph Mohr aliandika shairi mwaka 1816, na mwalimu Franz Xaver Gruber akalitungia muziki. Wawili hao waliuimba kwa gita katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg, mkesha wa Krismasi mwaka 1818. Familia za waimbaji kutoka milima ya Tirol ziliueneza kwa kusafiri nao, hadi New York mwaka 1839, na baadaye wamisionari wakaubeba mbali zaidi. Leo makanisa ya Afrika Mashariki yanauimba kwa Kiswahili kila Desemba. Hauna kilele cha kumtambia mtu. Mwimbaji mwenye sauti kubwa hana pa kujificha ndani yake, kwa kuwa unadai utulivu tu.

Schumann-Heink alizaliwa karibu na Prague mwaka 1861, akaimba Hamburg na Bayreuth, akaingia Metropolitan Opera mwaka 1899. Sauti yake ilikuwa kontralto, sauti ya kike iliyo chini kuliko zote, pana na yenye joto. Alirekodi Stille Nacht kwa Kijerumani mwaka 1908. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mama huyo, ambaye sasa alikuwa raia wa Marekani, alikuwa na wana pande zote mbili: wengine walivaa sare ya Marekani, na mwanawe August alifia katika nyambizi ya Ujerumani. Yeye mwenyewe alizunguka makambi akiwaimbia askari. Mwaka 1926 aliuimba wimbo ule redioni wakati wa Krismasi, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, mbele ya taifa lililokuwa limepigana na Wajerumani miaka minane tu kabla. Akarudia kila mwaka hadi 1935, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Waliomsikia miaka ya mwisho walisikia sauti ya bibi wa miaka sabini na zaidi, iliyopungua pumzi lakini thabiti katika kila neno, na ni vigumu kutaja rekodi ya Stille Nacht yenye uzito wa maisha zaidi kuliko yake.

John McCormack alikuwa mtu wa namna nyingine. Tenori huyu wa Athlone, Ireland, alianza katika jumba la opera la Covent Garden, London, mwaka 1907, lakini taratibu aliiacha opera na kugeukia matamasha, maana hakuwa mwigizaji na alilijua hilo. Matamshi yake yalikuwa safi kiasi kwamba msikilizaji hakupoteza hata silabi moja. Adeste Fideles aliirekodi kwa Kilatini mwaka 1915, na mwaka 1926 akairekodi upya. Kilichotokea katikati ni ujio wa umeme: kuanzia 1925 kampuni za Marekani ziliachana na tarumbeta na kutumia kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza kwaya kubwa na kinanda cha kanisa viliweza kusikika kwenye santuri karibu kama vilivyo. Wimbo huohuo wa Adeste Fideles ndio uliotumiwa na kampuni ya Columbia mwaka 1925 kuonyesha uwezo wa mtambo mpya, ukiimbwa na maelfu ya watu ndani ya jumba la Metropolitan Opera. McCormack alipewa cheo cha heshima na Papa mwaka 1928. Juni 1932, katika misa ya kufunga Kongamano la Ekaristi mjini Dublin, alisimama katika bustani ya Phoenix na kuimba Panis Angelicus ya César Franck mbele ya umati uliokadiriwa kufika watu milioni moja. Mwimbaji aliyetoka opera alikuwa amerudi altareni, tena kwa kualikwa.

Santuri ya mwendo mrefu, iliyoletwa na Columbia mwaka 1948, ilibadili sura ya kazi. Upande mmoja sasa ulibeba dakika ishirini na kitu, hivyo mwimbaji hakuingia studio kwa wimbo mmoja wa Noeli bali kwa mkusanyo mzima wenye mwanzo na mwisho. Mkanda wa sumaku ukaongeza jambo ambalo Caruso asingeweza kuliota. Mwaka 1957 Elisabeth Schwarzkopf alirekodi nyimbo za Krismasi chini ya uongozi wa Charles Mackerras, na katika Stille Nacht aliimba sauti zote mbili mwenyewe: ya kwanza ilirekodiwa, kisha akaisikiliza na kuisindikiza kwa sauti ya pili. Jussi Björling, tenori wa Sweden, alirekodi wimbo wa Adam kwa Kiswidi mjini Stockholm Februari 1959, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 49. Waswidi wengi bado wanampima kila mwimbaji mpya wa wimbo huo kwa rekodi hiyo.

Juni 1961, katika joto la kiangazi, Leontyne Price aliingia Sofiensaal mjini Vienna kurekodi mkusanyo ulioitwa A Christmas Offering. Jengo lenyewe lilikuwa bwawa la kuogelea la karne ya 19 lililogeuzwa ukumbi; uwazi uliobaki chini ya sakafu uliipa sauti mwangwi ambao mafundi wa kampuni ya Decca waliupenda mno. Mtayarishaji alikuwa John Culshaw, okestra ni Vienna Philharmonic, na mwongozaji ni Herbert von Karajan, mzaliwa wa Salzburg, kilomita chache kutoka Oberndorf ilikotokea Stille Nacht. Price alikuwa ametoka mbali zaidi. Alizaliwa mwaka 1927 Laurel, Mississippi, na kujifunza kuimba katika kwaya ya kanisa la Kimethodisti ambamo mama yake naye aliimba. Alipokuwa msichana alipelekwa Jackson kumsikiliza Marian Anderson, kontralto Mmarekani mweusi ambaye Pasaka ya mwaka 1939 aliimba Ave Maria ya Schubert mbele ya watu 75,000 kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, baada ya kunyimwa ukumbi mjini Washington kwa sababu ya rangi yake. Anderson alisubiri hadi 1955 kukanyaga jukwaa la Metropolitan Opera. Price alilikanyaga tarehe 27 Januari 1961 katika Il Trovatore, na makofi yalidumu kwa muda mrefu sana.

Miezi mitano baadaye alikuwa Vienna, akiimba pamoja na watoto wa kwaya. Mkusanyo huo unastahili kusikilizwa wote, lakini nyimbo mbili zinatosha kuonyesha upana wake. Katika Alleluia ya Mozart sauti inakimbia na kurukaruka kwa wepesi wa ajabu. Katika Sweet Li'l Jesus, wimbo wa Robert MacGimsey uliochapishwa mwaka 1934 na ulioiga mtindo wa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, okestra inanyamaza, Karajan hana la kuongoza, na Price anaimba peke yake kwa lafudhi ya Kusini aliyolelewa nayo. Wanamuziki wa Vienna waliokuwapo walikuwa walinzi wa mila ya Mozart na Schubert. Price aliweka mila yake kando ya yao bila kuomba radhi, na hakuna iliyoonekana ndogo.

Baada ya hapo kila kampuni ilitaka mkusanyo wake. Joan Sutherland alitoa wake mwaka 1965, Kiri Te Kanawa mwaka 1985, Kathleen Battle mwaka 1986. Jessye Norman, aliyetoka Augusta, Georgia, alirekodi nyimbo takatifu mapema miaka ya 1980 kwa sauti nzito isiyo na haraka, na mwaka 1987 akafuatia na nyimbo za Noeli. Placido Domingo alianzisha matamasha ya Krismasi ya Vienna mwaka 1992. Nyingi za kazi hizi ni nzuri, ingawa mipangilio ya okestra ya miaka hiyo mara nyingine ilitiwa sukari kupita kiasi, na wimbo mwepesi wa wachungaji ukabebeshwa kengele, vinubi na tarumbeta usizozihitaji.

Luciano Pavarotti alizikwepa nyingi za hatari hizo. Mkusanyo wake wa mwaka 1976, ulioongozwa na Kurt Herbert Adler, uliweka pamoja Adam, Schubert, Franck, Bizet na Gesù Bambino ya Pietro Yon, mpiga kinanda wa Kiitalia aliyeishi New York na kuutunga wimbo huo mwaka 1917. Miaka miwili baadaye aliziimba katika basilika ya Notre-Dame ya Montréal, tamasha lililorushwa na televisheni na linaloonyeshwa hadi leo. Muziki huo kwake ulikuwa wa nyumbani. Baba yake Fernando, mwoka mikate wa Modena, alikuwa tenori wa kwaya, na wawili hao waliimba pamoja tangu utoto wa Luciano. Mwaka 1978 walirekodiwa wakiimba Panis Angelicus pamoja. Pavarotti alipozikwa Septemba 2007, rekodi hiyo ya baba na mwana ilichezwa ndani ya kanisa kuu la Modena, na waombolezaji wakasimama kuipigia makofi.

Kufikia miaka hiyo, katazo la mwaka 1903 dhidi ya wanawake katika kwaya za ibada lilikuwa limekwisha kufifia. Maelekezo ya mwaka 1967, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaliruhusu kwaya za wanaume na wanawake. Kwa upande wa santuri zenyewe, kizuizi kilichobaki kati yake na wasikilizaji ni haki miliki. Santuri nyingi za Victor za enzi ya tarumbeta husikilizwa bure kwenye hazina ya mtandaoni iliyofunguliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2011, na kwa sheria ya nchi hiyo rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia katika mali ya umma tarehe 1 Januari 2022, Noël ya Caruso na Stille Nacht ya Schumann-Heink zikiwamo. Zilizotolewa kuanzia 1957 hadi Februari 1972, zikiwamo zile za kikao cha Price cha Vienna, zitalindwa huko hadi mwaka 2067.